Tukienda kortini kwa taka za Lamu, tuombe amri yenye mizani

Mhariri,

Kila jaa linapofurika Lamu hakosekani mtu wa kusema, "Twendeni kortini." Haki ipo. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu mazingira safi, Ibara ya 70 haimtaki mlalamishi athibitishe kwamba yeye mwenyewe amedhurika, na Ratiba ya Nne inaikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka. Linalotutia wasiwasi ni tutakachokiomba tukifika huko.

Amri ya "hamisheni jaa katika miezi sita" haitoshi. Nairobi iliamriwa hivyo kuhusu jaa la Dandora mnamo Julai 2021 na muda ukapita jaa likiwa pale pale. Lakini Januari mwaka huo huo, katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi waliobomolewa makazi yao Nairobi, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jaji anaweza kutoa hukumu bila kufunga faili, akadai ripoti za utekelezaji hadi aridhike. Hiyo ndiyo amri ya kuomba.

Ripoti yenyewe iweje? Picha za wakubwa wameshika mafagio hazimsaidii jaji. Kila siku 90 kaunti ilete hati ya kiapo yenye mambo manne: kilo zilizozolewa kila siku, mitaa iliyorukwa, vyombo vilivyoharibika na siku vilizolala, na siku ambazo jaa liliwaka moto. Kupima hakuhitaji mtambo. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 penye jaa inatosha, pamoja na daftari linalotiwa sahihi na mzoaji na mtu wa mtaa.

Bila mizani hata idadi ya punda wa kubeba taka haijulikani. Tukikadiria nusu kilo ya taka kwa mtu kwa siku, watu 1,000 wana kilo 500. Punda akibeba kilo 50 kwenye shogi la mgongoni, hizo ni safari kumi kwa watu elfu moja tu. Ukiona mtaa mzima umepewa punda wawili, usiwalaumu wazoaji. Na saa nayo iandikwe kwenye amri: taka zitoke alfajiri, zizolewe kabla ya saa mbili asubuhi. Mfuko ukilala nje usiku, punda wanaozurura huupasua kutafuta maganda ya ndizi, wakameza na nailoni yake. Nailoni haisagiki, huziba utumbo, na mnyama hufa kwa msokoto wa tumbo. Huyo ndiye gari letu la taka.

Jaa nalo lina matatizo yake. Kufunika taka kwa sentimita 15 za udongo kila jioni huzuia nzi na moshi. Hapa udongo wenyewe ni mchanga, unaopitisha maji machafu ya taka moja kwa moja, na mji unakunywa maji yanayokusanyika chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kwa hiyo shimo lolote jipya litandikwe udongo wa mfinyanzi au turubai nzito kabla taka ya kwanza haijaingia, na liwe mbali na visima.

Chupa za plastiki zina wanunuzi, ila nauli ya mashua hadi Mokowe, upande wa bara, hula faida, kwa sababu unasafirisha hewa. Mita moja ya ujazo ya chupa zisizobanwa ina kilo ishirini na ushei. Zikibanwa na kufungwa marobota hupita 200. Mashine ya kubana iwe ya kwanza kununuliwa katika kituo cha kuchambulia taka, ambacho Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti zianzishe.

Kuna jambo mawakili hulisahau: kalenda ya pesa. Makadirio ya matumizi ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Amri ikitoka Septemba, ofisa ataapa kwamba hana fungu, naye atakuwa anasema kweli. Tuombe jaji aagize fungu la taka liwekwe kwenye makadirio yajayo, na nakala ya ukurasa huo iambatishwe kwenye ripoti ya kwanza baada ya Aprili.

Mwisho, amri itaje cheo, isitaje jina la mtu. Agosti 2027 kuna uchaguzi, na atakayeingia ofisini asipate nafasi ya kusema kesi ilikuwa ya mwenzake.

Wakazi wa Mkomani na Langoni,
Lamu