MINT: VIDONGE VYA VITAMINI C VILIVYOGEUKA RANGI

Langoni, Lamu

Kwa Meneja wa Mauzo,

Bwana Meneja,

Katoni yenu ya chupa 24 ilinifikia mwanzoni mwa Machi. Ilivuka kwa boti kutoka Mokowe, ikapanda punda hadi dukani, mihuri mizima. Masika yalipoanza, vidonge vilivyokuwa vyeupe vilishaingia madoa ya kahawia kama ndizi iliyoiva sana. Bi mmoja mtu mzima alinirudishia chupa yake, akavimimina juu ya meza, akaniuliza, "Mwanangu, hivi ni vya kumeza au vya kufukiza?" Nilimpa pesa zake, jawabu sikuwa nalo.

Nilipowapigia simu mliniambia rangi haina neno. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Vitamini C ni asidi ya askobiki, C6H8O6, na tabia yake mnaijua kunishinda. Ikiwa kavu na gizani, hutulia. Ikipata unyevu, oksijeni huanza kuinyang'anya elektroni. Hatua ya kwanza si msiba, kwa kuwa mwili huweza kuirudisha ilivyokuwa. Lakini ikiendelea, pete ya molekuli hufunguka, na hapo hakuna kurudi, vitamini imekwisha. Ukahawia huja baada ya hapo. Chupa inaahidi miligramu 500 kwa kila kidonge, zimebaki ngapi?

Nilifungua chupa tatu ambazo hazijauzwa. Plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, na kile kifuko cha kunyonya unyevu hakimo hata katika moja. Mzigo wa mwaka jana ulikuja kwa chupa za rangi, na vifuko vyake ndani. Ulikaa rafu ileile, masika hayakuugusa. Nani aliyewaambia Lamu ni kukavu? Huku chumvi hulowa koponi usiku mmoja.

Punda aliyebeba katoni hiyo hujitengenezea vitamini C kwenye ini lake. Wateja wangu hawana uwezo huo, ndiyo maana wananunua.

Naomba mzichukue chupa zote kwa gharama yenu, mnirudishie pesa kamili, na mniletee majibu ya maabara ya bechi hii, kwa maandishi. Maneno ya simu sitaki tena. Risiti na picha nimeambatisha. Chupa zilizobaki nimezitoa rafuni, zimo sandukuni nyuma ya duka, zinawangoja.

Wako,
Mwenye duka la dawa