Kabla hujaacha kujitolea, rafiki yangu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wanao, wa nyumbani na wa darasani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, hasa pale uliposema kwamba Jumamosi za kujitolea zimeanza kukuchosha kuliko siku zote tano za kazi, na kwamba yule mzazi aliyekuambia kazi yako ni kucheza na watoto tu alikukata maini. Sikuandikii kukuambia ujikaze. Umejikaza vya kutosha. Nakuandikia habari za mwanamke mmoja ambaye maisha yake nimekuwa nikiyafuatilia, kwa sababu naona swali lako, kama kuna maana ya kuendelea kujitolea, lilikuwa pia lake, naye alilijibu kwa mikono yake.

Anaitwa Margaret McMillan, mmoja wa waanzilishi wa shule za watoto wadogo Uingereza. Alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la New York, Marekani, wazazi wake wakiwa Waskoti, na dada yake Rachel alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja. Mwaka 1865 homa iliingia nyumbani kwao. Ikamchukua baba, ikamchukua na mdogo wao, ikamwacha Margaret kiziwi kwa miaka mingi ya utoto wake. Mama akawabeba mabinti wawili waliobaki akarudi nao kwao Inverness, Uskoti. Sipendi habari za mtu zianzie kwenye misiba yake kana kwamba misiba ndiyo iliyomtengeneza, lakini hili la masikio lishike, kwa sababu zaidi ya miaka 40 baadaye utamkuta akifungua kliniki ya kutibu masikio, macho na meno ya watoto wa shule. Yeye alijua mtoto asiyesikia anavyoweza kuitwa mzito wa kuelewa.

Mwaka 1888 alikuwa London pamoja na Rachel. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kwenye nyumba ya kulelea wasichana. Jioni akawafundisha bure wasichana wa viwandani, na makuli wa bandari walipogoma mwaka 1889, dada hawa wawili walikuwa upande wao. Kwa hiyo alianza kama wewe, rafiki yangu: kazi mchana, kujitolea baada ya kazi, na uchovu usio na wa kuuliza habari zake.

Mambo yalibadilika alipofika Bradford mwaka 1893. Huo ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, na sheria ya wakati ule iliruhusu watoto wakubwa wa shule za msingi kushinda nusu ya siku kiwandani na nusu darasani. Mwaka 1894 alichaguliwa kuingia bodi ya shule ya mji. Akaanza kutembelea madarasa, na alichokiona wewe unakijua bila mimi kukieleza: watoto wachafu, wana vidonda, wana chawa, wamelala bila kula, na mwalimu amesimama mbele yao na ubao wa herufi. Mahudhurio yalikuwa ya lazima. Hoja aliyoijenga Margaret hapo naipenda kuliko zote alizowahi kuitoa. Alisema kwamba ikiwa nchi inamlazimisha mtoto kuja shuleni, basi nchi hiyo hiyo ina wajibu wa kuhakikisha kwamba mwili aliokuja nao unaweza kujifunza. Kumfundisha mtoto mwenye njaa ni kuichezea pesa ya umma na kumtesa mtoto kwa wakati mmoja.

Hakuishia kwenye hotuba. Pamoja na daktari wa shule za mji, James Kerr, wakawapima watoto afya darasani, na upimaji huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa Uingereza. Mwaka 1897 shule moja ya Bradford ikawekewa mabafu ya kuogea. Kulikuwa na watu wa heshima waliopinga: kuosha watoto si kazi ya shule, hiyo ni kazi ya mama. Sisi pia tumeyasikia haya, siyo? Tunaambiwa tufundishe kusoma, mengine tuwaachie wenyewe.

Bodi za shule zilifutwa kwa sheria ya mwaka 1902, na kiti chake kikaenda nazo. Hapo wengi wangepumzika. Yeye akarudi London kwa Rachel, ambaye siku hizo alikuwa akifanya kazi ya usafi na afya huko Kent, wakaendelea kuwasukuma wabunge na wakubwa wa elimu. Mwaka 1906 ikapita sheria ya kuruhusu mamlaka za elimu kutoa chakula shuleni. Mwaka 1907 ikapita nyingine, na hii ikafanya upimaji wa afya ya watoto wa shule kuwa wajibu. Hawakuwa peke yao katika harakati hizo, na sitaki nikudanganye kwamba mtu mmoja alibadilisha nchi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ushahidi uliotoka Bradford ulikuwa umeshikika: watoto wamepimwa, maji yamewekwa, tofauti imeonekana.

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo mimi naiona kiini cha maisha yake. Mwaka 1908 dada hawa walifungua kliniki ya watoto wa shule mtaa wa Bow, mashariki mwa London, na mwaka 1910 wakaihamishia kazi yao Deptford, mtaa wa maskini karibu na Mto Thames. Watoto walikuja kwa wingi, wakatibiwa, wakarudi nyumbani, kisha wakaja tena na maradhi yale yale. Ilikuwa kama kupiga deki sakafu ambayo juu yake bomba linavuja. Hapo Margaret na Rachel wakaelewa kwamba kliniki peke yake haitoshi, na kwamba kumngoja mtoto afike umri wa shule ni kuchelewa. Mwaka 1911 wakaanzisha kambi ya usiku: watoto wanakuja jioni, wanaoga, wanalala kwenye hewa safi uani, asubuhi wanakwenda shule. Kutoka kwenye kambi hiyo wakashuka hadi kwa wadogo kabisa, na mwaka 1914 wakafungua shule ya wazi ya watoto wadogo hapo hapo Deptford.

Kumbuka hali ilivyokuwa kwa wadogo hao. Tangu mwaka 1905 mamlaka za elimu ziliruhusiwa kuwakataa watoto wa chini ya miaka mitano, na kusema kweli madarasa waliyokuwa wakiwekwa kabla ya hapo yalikuwa mabaya: wamebanana kwenye mabenchi, wanaimbishwa herufi. Lakini kuwakataa bila kuwapa pengine pa kwenda kulimaanisha wabaki vyumbani na vichochoroni. Dada hawa wakasema jibu ni mahali pengine, palipojengwa kwa kipimo cha mtoto.

Ningependa ungepaona. Badala ya jengo moja kubwa palikuwa na vibanda vyenye upande ulio wazi kwenye bustani. Bustani yenyewe ndiyo ilikuwa darasa: maua, mboga, mimea ya kunukia ambayo mtoto anaifikicha vidoleni, mchanga, maji, mawe ya kupanda, wanyama wa kufugwa. Mtoto alipofika asubuhi alioga, akavaa nguo safi, akala. Mchana akala tena na kulala kwenye kitanda chake kidogo. Siku yao ilikuwa ndefu, tangu asubuhi hadi jioni, kwa sababu mama zao walikuwa kazini. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia wengi wao walikuwa kwenye viwanda vya silaha. Watoto walijihudumia wenyewe, wakatandika meza, wakazungumza wakati wa kula. Margaret alihesabu kuoga na kula kuwa masomo, si maandalizi ya masomo. Mtoto wa miaka mitatu anayejimiminia maji kwenye kikombe anajifunza kipimo, mkono wake unajifunza utulivu, na ulimi wake unajifunza maneno kama mtu mzima aliye karibu anazungumza naye. Hicho ndicho unachokifanya kila siku, na ndicho yule mzazi alichokiita kucheza.

Na miili ilibadilika. Watoto wa mitaa ile walikuwa na matege, mifupa imelegea, kwa kukaa gizani kwenye moshi na kwa kula vibaya. Mwaka 1914 vitamini D ilikuwa haijagunduliwa. Dada hawa hawakujua kwamba ngozi ikipigwa na jua hutengeneza kitu kinachoimarisha mifupa. Waliona tu kwamba mtoto akiwekwa nje, akilishwa na akilala vizuri, miguu yake inamshika. Sayansi ilikuja kuwapa sababu baadaye.

Rachel alifariki tarehe 25 Machi 1917, siku aliyotimiza miaka 58. Deptford ilikuwa imepigwa mabomu na Wajerumani kutoka angani, na shule yao haikusalimika. Margaret akaipa shule jina la dada yake, akaendelea. Kwa maoni yangu historia haimtendei haki Rachel. Hakuwa msemaji, kwa hiyo hotuba ni za Margaret na vitabu ni vya Margaret, lakini bila mshahara na hesabu za Rachel sijui shule hiyo ingesimama juu ya nini. Na kwa kuwa nasema ukweli, si kila alichoandika Margaret nakikubali. Kuna mahali akina mama wa Deptford wanaonekana kama watu wa kuhurumiwa tu, wakati wao ndio waliokuwa wakiamka alfajiri kuwaleta watoto.

Mwaka 1918 sheria mpya ya elimu iliruhusu mamlaka za elimu kufungua shule za watoto wadogo. Iliruhusu, haikulazimisha, na mara serikali ilipoanza kubana matumizi miaka ya 1920, hizo zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kuahirishwa. Margaret hakuiona siku ambayo kila mtoto amepata shule kama hiyo. Aliongoza chama cha shule za watoto wadogo tangu kilipoundwa mwaka 1923, akiwa rais wake wa kwanza, na mwaka 1930 akafanikiwa kufungua Deptford chuo cha walimu, nacho akakipa jina la Rachel. Alidai mwalimu wa watoto wadogo asome miaka mitatu kamili. Alikataa kabisa ile imani kwamba msichana mwenye moyo mwema anatosha. Moyo mwema aliuona ni lazima, lakini juu yake alitaka elimu ya mwili, ya akili na ya lugha ya mtoto. Alifariki Machi 1931.

Kwa nini nimekupitisha kote huko? Kwa sababu ukiyatazama maisha yake utaona kwamba kila alichokifanya bure alikifanya ili kisiendelee kufanywa bure. Kliniki ilikuwa ushahidi. Kambi ilikuwa ushahidi. Bustani ya Deptford ilikuwa ushahidi wa kuwekewa mezani mwa wenye bajeti. Alijitolea kwa nguvu zote, na wakati huo huo alikuwa akidai kwamba jambo hili lisitegemee watu wa kujitolea. Nadhani kinachokuchosha si watoto wala Jumamosi. Ni kufanya kazi ambayo haielekei kokote, wiki hii kama wiki iliyopita, bila mtu wa juu yako kujua kwamba inafanyika.

Ulinieleza kwamba Jumamosi mnawapima watoto uzito, mnawaosha vidonda, mnawasomea hadithi. Mnaandika? Namaanisha daftari lenye tarehe, umri, uzito, nani alikuja na sikio linalotoka usaha na nani bado analo baada ya mwezi. Kama hamwandiki, anzeni Jumamosi ijayo, hata kwa mistari michache. Mkiwa na kurasa za kutosha, nendeni pamoja na akina mama wawili watatu kwa anayehusika na afya ya watoto hapo kwenu, mmwonyeshe, mwulizeni ni lini muuguzi atakuja kwa ratiba na si kwa hisani. Akiwakatalia, muulizeni aliye juu yake. Barua ya maombi niko tayari kukuandalia. Nitumie tu mambo mliyoyaandika, majina ya watoto yafiche.

Na pumzika Jumamosi moja kati ya mbili. Mwambie yule mwenzako mwenye sauti ya kusoma hadithi ashike zamu yako, maana naye anataka kuaminiwa. Kama bado unataka kuacha baada ya hapo, niambie bila kuona haya, sitakuona tofauti.

Nasubiri majibu yako, hasa kuhusu daftari.

Wako wa siku zote,
Mwalimu mwenzako