'Bow-pot' si chungu cha upinde

Mhariri,

Safu yenu ya maneno ya wiki iliyopita ilitafsiri neno la Kiingereza cha zamani 'bow-pot' kuwa "chungu cha upinde". Tunaomba lisahihishwe kabla halijaingia kwenye madaftari ya wanafunzi, maana upinde haumo kabisa. Asili yake ni 'bough-pot': 'bough' ni tawi la mti, 'pot' ni chungu. Kwa kuwa 'bough' hutamkwa "bau", watu waliliandika kwa kufuata sikio, likawa 'bow-pot'. Wengine wakalivutia kwenye Kifaransa, likawa 'beau-pot', kana kwamba maana yake ni chungu kizuri. Kwa Kiswahili kiiteni chungu cha matawi.

Wala kuandika "chombo cha maua" hakutoshi, kwani Uingereza ya karne ya 18 chungu hiki kilikuwa na umbo lake. Wafinyanzi wa kauri, akiwemo Josiah Wedgwood, walikitengeneza mara nyingi kikiwa na mgongo bapa na tumbo la nusu duara, kikae juu ya rafu ya meko ya sebuleni kikiwa kimeupa ukuta mgongo. Majira ya joto, moto ukiwa umezimwa, matawi yaliwekwa hata ndani ya meko yenyewe kuficha lile shimo jeusi.

Uhodari wa chungu hiki uko kwenye kifuniko. Kina matundu, na kila tawi hupita kwenye tundu lake na kusimama hapo lilipowekwa. Katika chombo chenye mdomo wazi, matawi mazito yote hulalia ukingo mmoja. Bahati mbaya vifuniko huvunjika au hupotea, na chungu kilichobaki wazi hudhaniwa ni cha kuoteshea mimea. Chunguza ukingo kwa ndani: kikiwepo kidaraja chembamba cha kukalia kifuniko, hiyo ni dalili nzuri kwamba ni cha matawi. Baadhi ya vifuniko vina pia vikombe vidogo vya kukalishia matunguu ya haiasinti, ua linaloota kutoka kwenye tunguu lenye umbo la kitunguu. Hapo maji yaishie chini kidogo ya tunguu, mizizi iyafuate yenyewe. Yakiligusa tunguu, linaoza.

Anayetaka kukitumia aanze na maji, yaishie kama sentimita 2 chini ya kifuniko, kwa sababu mashina yakiingia maji hupanda. Kata tawi mshazari kwa mkasi mkali wa kupogolea, kisha shina gumu ulipasue kwa kisu kuanzia chini, sentimita 2 hadi 3. Ushauri wa kuliponda kwa nyundo umeenea sana, nao ni mbaya: mishipa inayopandisha maji hupondeka, na nyuzi zilizochambuka huoza na kuchafua maji. Majani yote yatakayokuwa chini ya kifuniko yaondolewe. Kwa lailaki, kichaka chenye vishada vya maua yenye harufu nzuri, punguza hata ya juu, la sivyo majani hunywa maji yote na vishada vya maua vikainama siku ya pili.

Tawi refu kuliko yote liwekwe tundu la nyuma, katikati, na lisizidi mara mbili ya kimo cha chungu. Likizidi na kuegemea mbele, chungu cha mgongo bapa huanguka kifudifudi. Tundu likiwa pana kuliko shina, chomeka kipande cha kijiti kiwe kabari, bila kukigongomea, maana kauri hupasuka kuanzia kwenye tundu. Tumbo la chungu ni dogo, kwa hiyo maji yaongezwe kila siku na yabadilishwe yote kila baada ya siku mbili. Kama chungu ni cha kale na tabaka lake la nje linalong'aa lina nyufa nyembamba kama utando wa buibui, weka ndani kikopo cha kushikia maji, kwa sababu maji yakipenya kwenye udongo huacha madoa ya kahawia yasiyotoka.

Jambo moja kwa wafasiri. Baadaye neno hili lilitumika pia kwa maua yenyewe. Katika Vanity Fair, riwaya ya Mwingereza William Thackeray, iliyotoka kwa sehemu mwaka 1847 na 1848, mhusika mmoja analitumia hivyo na dada yake anamwelekeza aseme 'bouquet'. Hapo hata "chungu cha matawi" ni kosa. Andikeni shada.