Kukata kichwa cha mti si kuondoa hatari

Mhariri,

Wingu la masika likianza kujikusanya, simu za mafundi wa kukata miti hapa Dar es Salaam huanza kuita, na karibu kila anayepiga anataka kitu kimoja: mwarobaini au mkungu ulio uani "ukatwe kichwa" kabla haujaangukia paa. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwaeleze wenye nyumba kwamba kazi hiyo wanayoilipia huwarudishia mti wa hatari zaidi baada ya miaka michache, na kwamba namna inavyofanywa ndiyo inayowavunja vijana viuno.

Mti uliokatwa kichwa umenyang'anywa majani yanayoulisha. Hujibu kwa kusukuma machipukizi mengi kwa mpigo, kutoka kwenye macho yaliyokuwa yamelala chini ya gome. Tawi la kawaida hukua pamoja na shina na mbao zao hufungana mwaka hadi mwaka. Chipukizi la dharura limeshikwa na tabaka la nje tu. Mwarobaini hurudisha urefu wake upesi, na masika ya tatu au ya nne yakifika una fito kumi na kitu, ndefu na nzito, zimesimama juu ya kigutu kinachooza kuanzia juu kwa sababu jeraha lilikuwa pana mno kuzibika. Upepo ukija, zinabanduka. Mvinje ndio kabisa, huchipua kwa shida. Mnazi una kichipukizi kimoja tu kileleni. Ukiukata kichwa umeuua.

Kinachotakiwa ni kupunguza. Tawi refu hukatwa mpaka pale linapokutana na tawi dogo linaloelekea upande unaoutaka, na hilo dogo liwe na unene usiopungua theluthi ya lile linaloondolewa, ili liweze kuwa ncha mpya. Mti wenye afya usipoteze zaidi ya robo ya majani yake kwa msimu mmoja. Ukimaliza, mti bado unaonekana mti, na hapo ndipo ugomvi wa malipo huanza, maana mwenye nyumba hutazama juu na kuuliza, "Sasa mmekata nini?"

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Ukilikata kutoka juu, likifika katikati uzito hulivuta chini na gome la shina hufuata kama nguo inayochanika. Mkato wa kwanza unaanzia chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, na unaingia theluthi ya unene. Wa pili unatoka juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza kuelekea ncha ya tawi. Tawi linaanguka bila kuchuna kitu. Wa tatu unaondoa kigutu kilichobaki, nje kidogo ya ukosi wa tawi, yaani ule uvimbe ulio shinani mahali tawi linapochomoza. Ukikata bapa na shina umeondoa ukosi ambao ndio unaoziba jeraha. Ukiacha kigutu kirefu kinaoza na kupeleka uozo ndani. Na rangi au oili chafu inayopakwa juu ya jeraha haizuii kuoza. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani, alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu: hujenga ukuta kuzunguka sehemu iliyoumia na kuendelea kukua nje yake. Okoa pesa ya rangi.

Kama mti ni mgonjwa na lazima uondoke wote, swali la kwanza ni nafasi. Kanuni ya kuangusha mti mzima ni kwamba asiyeshika msumeno akae umbali wa mara mbili ya urefu wake. Mwembe wa mita 12 unataka mita 24, na viwanja vyetu ni ishirini kwa ishirini, nyumba ikiwa katikati. Palipo na nafasi, pengo la mbele, upande mti utakakoangukia, huingia kama robo ya kipenyo, kisha mkato wa nyuma husimama kabla ya kulifikia na kuacha bawaba ya mbao yenye unene wa moja ya kumi ya kipenyo. Shina la sentimita 50 linahitaji bawaba ya sentimita 5. Bawaba ndiyo usukani. Anayeikata yote ili "mti uende haraka" ameuachia uende utakako. Mti ulioinama sana kuelekea unakoangukia una hatari yake: ukikatwa nyuma kwa pupa, shina hupasuka wima na kipande cha nyuma hupiga juu kwenye kidevu cha mkataji. Huo hutobolewa katikati kwa ncha ya msumeno nyuma ya bawaba, kisha ule mshipi wa mbao uliobaki nyuma unakatwa mwisho.

Pasipo na nafasi mti hushushwa kwa vipande kutoka juu, na hapa ndipo hesabu hukosewa. Mbao mbichi ya miti mingi hukaribia tani moja kwa mita ya ujazo. Gogo la mita moja lenye kipenyo cha sentimita 40 lina kilo zipatazo 125; lenye sentimita 60 linakaribia 280. Wengi hulinganisha kwa macho na gunia la mkaa. Gogo hilo likidondoka mita moja kabla kamba haijalikamata, mvuto kwenye kamba huwa mara kadhaa ya uzito wake, na tawi linalobeba kapi, gurudumu linalopitisha kamba, hubeba karibu mara mbili ya mvuto huo, kwa sababu kamba inavuta pande zote mbili. Ndiyo maana tawi la kufungia likavunjika huku kamba ikiwa nzima. Vipande viwe vidogo, na aliye chini aiachie kamba iteleze kidogokidogo ikiwa imezungushwa shinani mara mbili au tatu, badala ya kuisimamisha ghafla. Kamba ya plastiki ya buluu inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi haifai: huyeyuka kwa joto la msuguano na jua huila. Wasaidizi wanaokusanya matawi wasiingie chini ya mti mpaka aliye juu awaite, naye asikate mpaka waitikie.

Kuhusu mpandaji mwenyewe, tunawaheshimu wakwezi. Mtu anayepanda mnazi kwa kitanzi cha miguu ana ujuzi usiofundishwa darasani. Lakini mkwezi hushika panga na kukata karara au dafu. Hashiki msumeno wenye mnyororo unaokwenda zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Anayetumia msumeno juu ya mti afungwe mahali pawili kwa wakati mmoja: kamba kuu iliyopita juu ya panda imara, izunguke shina lenyewe, na mkanda mfupi wenye waya wa chuma ndani kuzunguka pale anapofanyia kazi. Kamba moja ikikatwa kwa bahati mbaya, ya pili ipo. Mikono yote miwili ibaki kwenye msumeno. Robo ya juu ya ncha yake ikigusa mbao, msumeno hurushwa kuelekea uso kabla jicho halijapepesa, na aliyeushika kwa mkono mmoja hana cha kuuzuia. Na chini awepo mtu wa pili mwenye mikanda na kamba zake, anayejua kupanda na kumshusha mwenzake. Aliyezimia akining'inia kwenye mikanda ana dakika chache tu, hawezi kusubiri gari la zimamoto livuke foleni ya Ubungo.

Umeme. Nyaya nyingi za nguzoni ziko wazi, na tawi bichi lililolowa hupitisha umeme. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mwenye nyumba kuzima swichi kuu akadhani amemaliza. Swichi hiyo inazima vyumba vyake tu. Waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita bado una moto. TANESCO ndio wa kuzima laini, na kazi huanza baada ya wao wenyewe kuthibitisha imezimwa. Pasipozimwa, mtu, msumeno na tawi vibaki angalau mita 3 kutoka laini za usambazaji za kilovolti 11 au 33. Tawi likishalala juu ya waya, kila mtu arudi nyuma mita 10 na apige simu. Asijaribu kuliondoa hata kwa fito kavu.

Halafu nyuki. Vitabu vya kigeni vya kazi hii huwapitia juu juu, lakini nyuki wetu ni wakali na shina lenye pango ndilo nyumba yao. Kabla ya kuwasha chochote, zunguka mti kwa dakika kumi jua likiwa kali, ukitazama kila tundu na kila mpasuko. Nyuki wakiingia na kutoka, kazi imeahirishwa mpaka mrina aje jioni. Mtikiso wa msumeno huwaamsha wote, na mwiba wa kwanza huacha harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wengine. Aliye chini atakimbia. Aliyefungwa kamba mbili mita 9 juu hawezi, kwa hiyo kamba yake ya kushukia iwe tayari kufika ardhini tangu mwanzo, na mavazi ya nyuki yawe mawili, chini ya mti, wala si kwenye gari.

Bei ya haya yote si ya kibarua wa panga. Fundi anayekubali nusu ya bei ya wenzake ameondoa kitu, na mara nyingi ni kamba ya pili na mtu wa pili. Muulize atafunga wapi, nani atamshusha akiumia, na kama vijana wake wamesajiliwa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akijibu kwa kucheka, mwache aende.

Na mtupigie Januari. Machi ikifika gome la mwembe limelowa linateleza kama sabuni, na kazi ya juu inasimama kila mvua inapoanza.

Wapogoaji miti,
Dar es Salaam