Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali kuwa nasi leo. Swali lililotugombanisha kuliko yote mwaka huu ni hili: je, mwanasayansi mkubwa hukosea? Sisi tunasema ndiyo, na mfano wetu ni Albert Einstein.

Mheshimiwa, chukua atomu mbili za iodini-131, aina ya iodini inayotoa mionzi atomu zake zinapovunjika, zisizotofautiana kwa lolote. Moja inavunjika sasa hivi, nyingine inakaa mwezi mzima. Tunajua kwamba katika siku 8 hivi nusu ya atomu zote zitakuwa zimevunjika, lakini ipi itatangulia, nadharia ya kwanta, yaani fizikia ya atomu na chembe ndogo, haisemi. Inatoa uwezekano tu. Ndiyo maana kipima mionzi, kifaa kinacholia kila kinaponasa mionzi ya atomu iliyovunjika, hakilii kwa mpangilio: milio miwili ikifuatana, kimya kirefu, kisha mmoja.

Einstein hakuridhika. Desemba 1926 alimwandikia mwanafizikia mwenzake Max Born kwamba Mungu hachezi kete, yaani maumbile hayaendeshwi kwa bahati nasibu. Mwaka 1935, pamoja na wanafizikia wenzake Podolsky na Rosen, alidai nadharia hiyo haijakamilika: chembe mbili zilizotoka pamoja zikipimwa mbali mbali na majibu yakaoana, basi kila moja iliondoka na jibu lake tayari. Hapo ndipo tunapomheshimu zaidi, maana hakuishia kulalamika. Alisema jambo linaloweza kupingwa.

Mwanafizikia John Bell alionyesha mwaka 1964 jinsi ya kulipima dai hilo. John Clauser alipima, kisha Alain Aspect, na matokeo yakamkataa Einstein. Wawili hao na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Wapo wanafizikia ambao hadi leo hawaikubali bahati nasibu, ila baadhi yao inawabidi wakubali kwamba chembe zilizo mbali huathiriana papo hapo, jambo ambalo Einstein naye alilipinga vikali.

Na huyo huyo ndiye aliyependekeza mwaka 1905 kwamba mwanga huja kwa mafungu, wazo lililosaidia kuizaa nadharia aliyokuja kuikosoa.

Mheshimiwa, haya yote tumeyasoma vitabuni. Ombi letu ni moja: utusaidie kupata kipima mionzi kwa ajili ya maabara yetu, tuisikie milio hiyo wenyewe na kuihesabu.

Tunaomba kuwasilisha.