Kidonda cha mbwa wa mama hakifungi

Shangazi, shikamoo. Ni saa kumi alfajiri, nimetoka kumsafisha na usingizi umekata.

Leo siku ya 26. Daktari wa mifugo alimtoa uvimbe kwenye chuchu, akasema nyuzi zitatolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Usiku wa siku ya 6 nilipitiwa na usingizi, akazilamba, asubuhi nakuta pameachama. Sikufanya makusudi, nilikuwa nimekesha siku tatu. Daktari anasema penye usaha hapashonwi tena, kiachwe kijae nyama kutoka ndani. Namwosha mara mbili kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Nimekata ndoo kitako nikamvisha shingoni asijifikie, na mchana namfukuzia inzi kwa kanga, wasije wakamtia funza. Mwanzoni nilimmwagia spiriti, nikaambiwa naunguza nyama changa, nikaacha siku hiyo hiyo. Pembeni pamekuwa pekundu pazuri, katikati bado panachuruzika.

Jumapili kaka yangu, ametoka kanisani, akanikuta nimepiga magoti na pamba mkononi. Akasema, "Mama hukumuuguza hivi."

Shangazi, mimi nilikuwa kazini mbali. Pesa nilituma kila mwezi, ujumbe wa kila muamala bado ninao kwenye simu. Dawa za mama nani alinunua? Na mbwa huyu ni wa mama, alilala mlangoni kwake mpaka mwisho, leo nimtupe? Maneno ya kaka wala hayanisumbui. Lakini mbele ya wanangu! Yeye alikuwa hapo hapo, na aliyembadilishia mama shuka ni mkewe, si yeye. Mimi nilifika siku ya maziko. Hukumuuguza hivi.

Daktari ametaja sindano ya kumpumzisha, kwa umri wake. Sitaki kuisikia. Ila jana hata supu ya utumbo hakugusa, alinitazama tu, nikawaza labda namng'ang'ania kwa ajili yangu mimi.

Jirani anasema hiki ni kidonda ndugu, hakiponi. Anasema nipake asali. Nipake? Na Jumamosi ni arobaini ya mama, ukoo wote unakuja. Nimfungie mbwa chumba cha nyuma, au nimwache hapo hapo mlangoni wamwone?