Barua ya wazi kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya: tunaomba seng'enge

Ndugu Afisa,

Salamu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua mbili nilizopitisha kwa mtendaji wa kijiji hazijajibiwa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu simba walifika tena bomani kwangu. Hawakuvunja zizi. Walizunguka upande unakotoka upepo, ng'ombe wakanusa harufu, wakapagawa, wakaibomoa miiba wenyewe na kutokomea gizani. Kulipokucha tulihesabu watano waliokufa. Mtamba wangu tulimkuta korongoni, fisi wameshafumua tumbo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Ndama alikuwa ametimia, kwato zake bado laini. Mtamba huyo nilimtenga kwa ajili ya ada ya chuo ya binti yangu.

Mwaka jana ulikaa chini ya mgunga wetu, ukasema mbele ya wazee kwamba seng'enge italetwa kabla ya masika. Masika yamekwisha. Fomu nilijaza, mizoga nikaipiga picha, nikaambiwa nisubiri. Malipo ya mifugo iliyouawa na wanyamapori Kanuni za 2011 zinayaita kifuta jasho, si fidia, na sijawahi kudai bei ya ng'ombe. Nadai zizi lisilobomoka.

Wenzetu wa Loibor Siret, kule Simanjiro, wamezungushia maboma yao miti hai ya osilalei na kuifunga seng'enge. Mti ule ukichomekwa unachipua, hauozi kama nguzo iliyokatwa. Na sisi tumepanda, Ndugu Afisa! Wake zetu waliimwagilia kwa maji yaliyobebwa na punda, imeshika, sasa inafika kifuani. Kilichobaki ni waya tu.

Wapo wanaosema simba wameongezeka. Mimi nadhani ni mashamba yaliyolimwa kwenye ushoroba, yaani mapito ya wanyamapori: nyumbu wamebadili njia, simba wamebaki na sisi. Huenda nakosea.

Asubuhi ile vijana walishika mikuki, na mmoja akataja sumu. Mzoga ukitiwa sumu, simba anakufa, tai wanakufa, na mbwa wetu wanakufa. Niliwazuia kwa kuwashikisha ahadi yako. Wakiniuliza tena sina la kuwajibu.

Tuletee seng'enge. Kama haitoshi maboma yote, anza na ya wajane watatu wa kitongoji chetu, mimi nitangoja. Lakini iletwe kabla ya vuli.

Wako,
Mfugaji